NGANO TUPU

Tulipoachana mlango ulikuwa unafunguka, na najua mmenichukia wiki nzima. Msomaji mmoja ameniandikia kwamba alimgombeza mkewe bure kwa sababu yangu. Samahani sana, shemeji. Mlango ndio huu, tunaufungua pamoja.

Lakini subirini kidogo. Kuna mwenzetu leo amefungiwa kipande cha sabuni kwa ukurasa huu, hajui kichwa wala mkia wa mambo. Nimdokezee haraka asije akatuvuta mashati katikati ya safari.

Kuna kinu cha unga, kikubwa, cha ghorofa. Kuna mwanamke ambaye kazi yake ni kukinunulia ngano kutoka ng'ambo, na sisi humu tunamwita Mnunuzi. Kiti anachokalia kilikuwa cha mumewe. Mumewe alianguka kutoka kwenye kiti hicho hicho, mwaka ule bei ya ngano ya dunia iliporuka ghafla, ilhali yeye alikwisha kuuza unga wa miezi ya mbele kwa bei ya zamani. Alisema neno moja tu, "Nishike," na Mnunuzi alikuwa mlangoni na sinia la chai mikononi. Mpaka apate pa kuliweka sinia, mambo yalikuwa yamekwisha.

Hakulia. Si siku ile, si makaburini, si baadaye. Majirani walisema ana moyo wa jiwe. Mimi nasema ulikufa ganzi, na jiwe na ganzi ni vitu viwili. Alikabidhiwa kiti cha mumewe akakikalia, basi.

Mwenye kinu ni mama wa marehemu, yaani mama mkwe wake.

Sasa dunia ikakauka tena. Nchi moja kubwa inayouza ngano ikakosa mvua. Nyingine ikafunga bandari zake, ikasema watu wake wale kwanza. Bahari ambamo meli za nafaka hupita ikawa ya bunduki, na wenye bima wakapandisha gharama mpaka wenye meli wakaanza kuzunguka mbali. Bei ikawa inapanda tu. Kinuni, kihenge cha mwisho cha ngano kikawa kinaelekea sakafuni.

Ndipo akatokea Dalali, yule mliyembatiza Ulimi kwenye barua zenu. Alisema anayo meli nzima ya ngano, na bei yake ni ya watu kuelewana.

Mnunuzi akamtuma mdogo wake wa kiume akaukague mzigo huko huko ng'ambo kabla haujapakiwa. Huyo tunamwita Mkaguzi. Baada ya siku kadhaa ukaja ujumbe wake kwenye simu: "Dada, mzigo ni ngano tupu." Kisha simu yake ikazimika, haikuwaka tena. Mnunuzi akamwonyesha mama mkwe ujumbe ule. Mama mkwe akausoma, akairudisha simu, akasema, "Basi nunua."

Akanunua. Kila kilichokuwa mali ya kinu kikaingia ndani ya agizo moja la malipo. Asubuhi hii akiwa ofisini peke yake, kitasa cha mlango kikazunguka bila mtu kubisha hodi.

Haya. Mwenye sabuni, umetufikia. Twende.

Aliyeingia alikuwa Mkaguzi.

Alikuwa na ndevu za mtu aliyelala viwanja vya ndege. Shati lilikuwa lile lile aliloondoka nalo, begi hana, kiatu kimoja hakina kamba.

"Dada," akasema, hata salamu hakutoa. "Niambie hujanunua."

Mwingine angeruka kutoka kitini, angemkumbatia, angepiga kelele mpaka walinzi waje. Mnunuzi alifunika kwanza kalamu yake.

"Nimenunua," akasema. "Umekonda."

"Umenunua? Kwani ujumbe wangu hukuupata?"

"Niliupata. Ndiyo maana nikanunua."

Mkaguzi akaketi. Viti vilikuwepo viwili, lakini yeye aliketi sakafuni palepale alipokuwa, mgongo kwenye mlango.

"Niliandika nini, dada? Nisomee."

"Mzigo ni ngano tupu."

"Na ngano tupu ni nini?"

"Ngano isiyochanganywa. Haina shayiri, haina mchanga, haina takataka. Unataka kunifundisha kazi?"

"Hapo unaongea kama mnunuzi," akasema Mkaguzi. "Mimi nakuuliza nyumbani kwako. Nyumbani kwako, mezani kwako, shemeji akiwa hai, ngano tupu ilikuwa nini?"



Ndugu zangu, neno hili mnalijua nyote, ila huenda hamjalitazama pande zote mbili. Ngano ni ile ya kusagwa, na ngano ni zile hadithi za kale, za sungura na mazimwi. Marehemu alilipenda neno lile kwa sababu ya hizo pande mbili. Alikuwa akirudi kutoka kazini anasema, "Mchana nanunua ngano, usiku nasimulia ngano, na za usiku ndizo zinanenepesha watoto." Mtoto akivunja kikombe na kumsingizia paka, yeye alisema, "Hiyo ni ngano tupu." Fundi bomba akileta sababu za kutokuja, ngano tupu. Nyumba nzima ilicheka, na Mkaguzi, shemeji mtu, alikuwa anakaa pale pale mezani, anacheka pamoja nao.

Katika nyumba ile neno lilikuwa na maana mbili mpaka siku alipozikwa mwenyewe. Tangu siku ile lilibaki na moja.

"Ulimaanisha hadithi," akasema Mnunuzi.

"Nilimaanisha uongo! Nilikuwa nimekaa kwenye kochi la hoteli yao, mmoja kushoto, mmoja kulia, wananisomea simu begani. Mmoja wao Kiswahili anakijua kuliko mimi. Wananiambia mwandikie dada yako mzigo ni safi. Ningeandika nini? Nikatafuta neno ambalo kwao litakuwa sifa na kwako litakuwa tusi. Nikalipata, nikajipongeza. Nikasema dada atacheka, halafu atafunga mkoba wake."

"Sikucheka."

"Naona."

"Na mzigo wenyewe?"

Mkaguzi akapangusa uso kwa mikono miwili. Akasimulia upesi upesi. Walimwonyesha ghala lenye lundo la ngano linalogusa mapaa, punje nene, rangi nzuri, harufu nzuri. Akapanda juu ya lundo na bambo lake, lile bomba refu lenye ncha ambalo wakaguzi huchomea lundo ili watoe nafaka ya katikati. Ngano hukataa bambo, mtu husukuma mpaka jasho limtoke. Hapo lilikataliwa kidogo tu, kisha likazama lenyewe.

"Likazama?"

"Mpaka mkononi, dada. Nikalivuta, nikalimwaga. Makapi. Chini yote ni makapi, juu wamelifunika blanketi la ngano. Nilipogeuka wale wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Wakanirudisha hotelini, na simu wakaichukua baada ya ujumbe ule. Mimi nikatokea dirisha la choo, na lile dirisha halikujengwa kwa ajili ya mtu mzima."

Mnunuzi aliyasikia yote. Aliyasikia kama mtu asikiaye habari za kijiji asichokijua redioni, anangoja waseme hali ya hewa. Alijua kwamba amekizamisha kinu. Alijua kwamba wafanyakazi wote wa chini wanasaga punje za mwisho. Alijaribu kuona kama ana hofu, akakuta hana. Mimi mwenyewe ninayeandika nilitaka kumtikisa mabega.

Sakafu ilikuwa inatetemeka chini ya miguu yao. Katika kinu kile inatetemeka siku zote kwa sababu ya mitambo ya kusagia, na wageni hushika vikombe vyao vya chai visitembee mezani. Wenyeji wameacha kuisikia.

Simu ya Mnunuzi ikalia. Jina lilikuwa la Dalali.

Mkaguzi akaweka kidole mdomoni. Mnunuzi akaifungulia spika.

"Shemeji!" Sauti ikajaa chumba. Dalali alikuwa rafiki wa marehemu, tena miongoni mwa waliobeba jeneza, na neno shemeji alilitamka kwa kulilamba kwanza. "Umeamkaje? Nakupa pole na hongera kwa pamoja. Pole kwa presha, hongera kwa uamuzi. Bei imepanda tena leo. Waliokuwa wanasubiri sasa wanatafuta pa kuficha sura."

Mnunuzi akatazama kompyuta. Mstari wa bei ya ngano ya dunia, uliokuwa ukipanda msimu mzima, ulikuwa unateremka. Chini yake habari zilikuwa zinapita: mvua imenyesha katika nyanda zilizokauka, na ile nchi iliyofunga bandari imesema itazifungua. Wenye ghala waliokuwa wameificha ngano yao ili ipande zaidi sasa walikuwa wanasukumana mlangoni kuiuza.

"Imepanda," akasema.

"Sana. Ndiyo maana nasema malipo yasichelewe. Wenye mzigo wana mtu mwingine anawapigia magoti."

"Mdogo wangu simu yake haipatikani."

"Huyo!" Dalali akacheka mpaka akakohoa. "Nimetoka kuongea naye sasa hivi. Yuko kando ya meli, kofia ya plastiki kichwani, anasimamia upakiaji kama baba mwenye nyumba. Simu yake iliingia maji tu. Anakusalimu sana."

Mkaguzi, pale sakafuni, akainua mkono akampungia dada yake.

"Nisalimie na wewe," akasema Mnunuzi. "Mwambie asikae na njaa."

"Nitamwambia, shemeji. Mimi ni ndugu yenu."

Simu ikakatika.

"Nina njaa kweli," akasema Mkaguzi.

Mnunuzi alikuwa ameshaanza kuipigia benki. Haraka aliyokuwa nayo Dalali sasa ilikuwa na sababu mbili, na zote mbili alizielewa. Mzigo haupo. Na hata kama ungekuwepo, bei inaanguka, na kesho hakuna mwenye akili ambaye angelipa walichokubaliana jana.

Afisa wa benki alikuwa mtu wa taratibu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, agizo lenu halijatoka," akasema. "Linangoja benki ya kule ifungue milango. Ikifungua tu, linakwenda lenyewe. Nisiposikia neno, siwezi kulizuia."

"Neno nakupa. Lizuie."

"Neno la wawili, mama. Agizo mliliweka kwa sauti mbili, yako na ya mwenye kinu, na sauti zenu ninazo hapa. La kulizuia ni hizo hizo mbili. Wewe nimekusikia, lakini nitakusikia tena pamoja naye. Kule wakifungua nitakupigia, mnijibu palepale."

"Na tukilizuia?"

"Fedha zinabaki kwenu. Mnakwenda kununua ngano kwingine. Nasikia imeanza kushuka."

"Na lisipozuiwa?"

"Mama, na mimi nakula mkate," akasema. "Kamtafuteni mwenye kinu."

Basi mambo yalikuwa wazi, na tuyaweke wazi hapa kwetu pia. Neno la mama mkwe likipatikana, kinu kinanunua ngano ya kweli kwa bei inayoshuka, na kinaishi. Lisipopatikana, hakuna ngano, hakuna fedha, na lango linafungwa.

Wakapanda ghorofa ya juu. Mkaguzi alipanda anakimbia. Mnunuzi alipanda ngazi moja moja, mkono kwenye chuma cha ngazi, na chuma kile hakukihisi kama ni cha baridi au cha moto.

Mama mkwe alikuwa amesimama dirishani na kitambaa mkononi. Kila asubuhi alifuta picha ya mwanawe iliyokuwa juu ya meza, kwa sababu katika kinu unga hutua juu ya kila kitu, na kila mchana uso wa picha ulikuwa mweupe tena.

"Shikamoo, mama," akasema Mkaguzi, anahema.

"Marahaba. Mlinzi ameniambia umerudi. Kaa."

"Hakuna kukaa, mama," akasema Mnunuzi. "Benki wanataka neno lako. Mzigo hakuna. Dalali ametuuzia makapi, na ametoka kuniambia kwamba huyu hapa yuko kando ya meli. Bei nayo inashuka. Tukilizuia agizo sasa hivi tunapona."

Mama mkwe akaendelea kufuta.

"Si aliandika ni ngano tupu?"

"Niliandika, mama," akasema Mkaguzi. "Walikuwa wamenikalia. Nikatumia ule msemo wa shemeji, ule wa mezani."

"Msemo wa shemeji yako." Mama mkwe akaipuliza picha. "Yeye hakuutunga. Ni wangu ule. Akiwa mdogo alikuwa anarudi kutoka shule na shati limechanika, anakuja na maelezo marefu kutoka getini mpaka jikoni. Namwambia, hiyo ni ngano tupu, vua nishone. Akakua nao. Alipooa akauhamishia kwake."

Alipomaliza kusema hivyo, kitambaa kikasimama juu ya kioo.

Nyinyi wasomaji mmeshafika, nawajua. Mkaguzi pia alikuwa ameshafika, maana mdomo wake ulikuwa wazi. Mnunuzi ndiye alikuwa bado yuko njiani, anakuja polepole, kwa sababu mtu mwenye ganzi hata mwiba humchoma kwa kuchelewa.

"Ni wako," akasema.

"Ni wangu."

"Basi nilipokuonyesha simu ulielewa."

"Palepale."

"Ukaniambia ninunue."

"Nikakwambia ununue."

"Mama!" Mkaguzi akapiga meza. "Mimi nimechubuka mbavu kwenye dirisha la choo! Nimekuja mbio nusu ya dunia kuwaambia jambo ambalo ulikuwa unalijua?"

"Pole, mwanangu," akasema mama mkwe, na alikuwa anamaanisha. "Wewe sikukuombea mabaya. Nilidhani wangekuachia tu mwisho wa mambo."

"Lakini kwa nini?"

Mama mkwe akaketi. Alikuwa mwanamke mnene, lakini kiti hakikulia. Aliongea bila kupandisha sauti, na uso wake haukuwa na kitu. Mkaguzi alimtazama yeye, akamtazama dada yake, akaona nyuso mbili za namna moja.

"Kinu hiki kimemla mwanangu," akasema. "Bei ikipanda kilimtafuna, ikishuka kilimtafuna. Sijui kama mnaona. Mvua inakosekana mahali ambapo hatutafika maisha yetu yote, na mwanangu anakosa usingizi hapa. Watu wanagombana kwenye bahari ambayo sijawahi kuiona, na mwanangu anashika kifua. Nilitaka kife na chenyewe. Kukifunga kwa mkono wangu sikuweza, mume wangu alinikabidhi akiwa kitandani. Nikasoma ujumbe wako, nikasema, kumbe kuna mwizi wa kunisaidia. Basi aje."

"Na watu wa chini?" akauliza Mkaguzi.

"Nimewafikiria. Nimewafikiria mpaka nikachoka, nikaacha."

Mnunuzi alikuwa amesimama mikono ikining'inia.

"Ungeniambia," akasema. "Mimi pia sikipendi, mama. Nakaa kwenye kile kiti kwa sababu nikiinuka sijui niende wapi. Ungesema tukifunge, tungekifunga sisi wawili, tukawapa watu haki zao, tukaenda nyumbani. Hukuwa na haja ya Dalali."

"Sikuweza kukuambia. Tangu msiba hatujaongea, mimi na wewe. Tunaulizana habari za magunia."

Hilo lilikuwa kweli.

Ndipo kitu kikabadilika chumbani. Mkaguzi akageuka kutafuta ni nini. Glasi ya maji juu ya meza, ambayo siku zote ina viduara vidogo vinavyotembea, ilikuwa imetulia tuli. Sakafu ilikuwa imeacha kutetemeka.

Kihenge cha mwisho kilikuwa kimekwisha. Kinu kilikuwa kimesimama.

Kimya kile kiliwaingia miguuni. Chini uani wafanyakazi wakaanza kutoka mmoja mmoja, nyusi nyeupe kwa unga, kope nyeupe, wakaketi ukingoni mwa njia ya malori. Mmoja alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Wote walikuwa wanatazama juu, kwenye dirisha hili.

Mama mkwe akainuka akawatazama kwa muda mrefu.

Simu ikalia.

"Kule wamefungua," akasema afisa wa benki. "Agizo liko mbele yangu na mkono wangu uko juu yake. Sina muda, mama. Nashika au naachia?"

Mnunuzi akamnyooshea mama mkwe simu. Mkaguzi akakunja mikono mbele ya kifua kama anayeomba.

Mama mkwe akaipokea. Akaitazama kwanza, kisha akaiweka sikioni.

"Ni mimi," akasema. "Unanitambua?"

"Nakutambua, mama."

"Neno langu nampa mkwe wangu. Atakalosema yeye, hesabu nimelisema mimi. Umesikia?"

"Nimesikia. Linatosha. Mpe simu."

Akamrudishia. Akachukua picha ya mwanawe kutoka mezani, akaikumbatia kwa mkono mmoja.

"Mwanangu," akasema. Hilo neno hakuwa amemwita Mnunuzi tangu siku ya makaburi. "Ukiniuliza mimi, nitasema achia. Kwa hiyo nisiulizwe. Wewe ndiye uliyekuwepo mlangoni siku ile, na bado unarudi kila siku unakikalia kile kiti. Sema wewe. Mimi sitaki kusikia."

Akatoka, akavuta mlango nyuma yake. Wakasikia viatu vyake vinashuka ngazi, na kwa mara ya kwanza katika jengo lile hatua za mtu zilisikika.

Mkaguzi alimsogelea dada yake. Hakuweza kumsemea, sauti yake haikuwa miongoni mwa zile mbili. Akalisema neno kwa midomo mitupu, bila sauti, mara tatu: shika, shika, shika.

Mnunuzi akaweka simu sikioni. Neno lilikuwa jepesi. Hata mtoto analiweza.

"Mama, upo?" akauliza afisa. "Nashika?"

Na hapo, ndugu zangu, hapo ndipo alipolisikia. Si sauti ya afisa. Alimsikia mumewe anasema "Nishike," na sinia lilikuwa mikononi mwake, na chai ilikuwa ya moto, na hapakuwa na pa kuliweka. Vidole vyake vikaanza kuwasha. Ganzi inapotoka huuma, kila aliyelalia mkono wake anajua. Maumivu yakapanda kutoka vidoleni, yakapita viwiko, yakafika kifuani, na kila kitu ambacho hakukilia siku ile, wala makaburini, wala usiku wowote baadaye, kikaja kwa pamoja na kumkaba koo.

Alifungua mdomo aseme neno moja. Kilichotoka kilikuwa kilio.

"Dada!" Mkaguzi akamshika mabega. "Dada, sema! Sema kwanza, utalia baadaye!"

Alikuwa anajaribu. Jamani, mashahidi ni nyinyi, alikuwa anajaribu. Midomo ilitengeneza neno, na kilio kikalibeba kabla halijatoka. Akatikisa kichwa kuafiki, kwa nguvu, machozi yanaruka, na simu haioni kichwa cha mtu.

Upande wa pili afisa wa benki alingoja kadiri taratibu zinavyomruhusu.

"Haloo? Mama, nasikia mtu analia. Kilio si neno, mimi siwezi kukiandika hapa. Nashika au naachia?"